Maji Yaliyomsumbua Utotoni Yakawa Kazi Yake

Mgeni akifika Kyela kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba hapa kuna shida ya maji. Mbele yake Ziwa Nyasa limetanda mpaka macho yanachoka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kutoka milimani. Mvua yetu ikianza hainong'oni. Mpunga unasimama ndani ya maji, na mahali pengi ukichimba kisima hufiki mbali kabla maji hayajatoka. Lakini sisi akina mama wa mwambao huu tunajua jambo ambalo mgeni halijui: maji mengi na maji safi ni vitu viwili.

Tunaijua miezi ya masika, mito inapofurika. Maji ya chooni, ya shambani na ya kisimani yanakutana na kuwa kitu kimoja. Siku chache baadaye mtoto anaanza kuhara. Macho yanazama, midomo inakauka, na mama anafunga khanga kiunoni, anamweka mtoto mgongoni na kutafuta njia ya kufika hospitali kabla giza halijaingia. Hakuna mama hapa anayehitaji kusimuliwa hofu hiyo.

Hofu hiyo si yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka. Kwa jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kipindupindu cha mwaka 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700. Nasi tunajua kwamba Songwe ni mto tu, wala si ukuta. Watu wanavuka kila siku kwenda sokoni, msibani na harusini, na ugonjwa huvuka nao.

Kwa sababu hiyo mwezi huu tunawaletea habari za Mtanzania mwenzetu aliyeyaona mateso ya maji machafu nyumbani kwao tangu utotoni, akaamua kuyafanya kazi yake. Ni Dakta Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali, mvumbuzi wa chujio la maji na mwanzilishi wa kampuni ya kulitengeneza na kuliuza. Pengine utauliza, mama, mambo ya uhandisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, maana mtu wa kwanza kutumia uvumbuzi wa namna hii ni yule anayeshika ndoo.

Mtoto wa Gongali

Dakta Hilonga alikulia katika kijiji cha Gongali, wilayani Karatu, kaskazini mwa nchi yetu. Ni mbali na Kyela, na mandhari yake ni tofauti na hii ya kwetu ya migomba na mashamba ya mpunga. Lakini maisha ya ndani ya nyumba yalifanana na ya nyumba nyingi za hapa: maji yasiyo salama, na magonjwa ya tumbo yanayorudi tena na tena katika familia. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba ni mateso hayo ya nyumbani yaliyomsukuma kutafuta dawa ya maji.

Watoto wengi hukua na shida hiyo hiyo wakaizoea. Tunasema, ndivyo maji ya hapa yalivyo, tumbo la mtoto litazoea. Huyu hakuizoea. Alisoma, akaendelea kusoma, hadi akafika Korea Kusini, ambako alipata shahada ya uzamili na ya uzamivu. Huko alibobea katika elimu ya vitu vidogo mno, inayoitwa nanoteknolojia.

Jina hilo lisikutishe. Chukua rula ya mwanao wa shule uitazame milimita moja, ile nafasi ndogo kati ya mstari na mstari. Sasa fikiria nafasi hiyo imegawanywa mara milioni moja. Kila kipande kinaitwa nanomita. Wataalamu wamegundua kwamba kitu kikitengenezwa kwa ukubwa unaokaribia kipimo hicho kinapata tabia mpya, na kinaweza kunasa uchafu ambao hakuna kitambaa wala chekecheke linaloweza kuunasa.

Mtu mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kubaki ughaibuni akaishi vizuri, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Tanzania akawa mhadhiri katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Hapo ndipo alipoikutanisha elimu yake na shida ya kwao.

Mchanga wa kawaida na elimu mpya

Jambo la kupendeza katika chujio la Dakta Hilonga ni kwamba halikuanza na kitu cha ajabu. Lilianza na mchanga. Tangu zamani watu wamejua kwamba maji yakipita polepole katika mchanga safi hutoka yakiwa bora zaidi. Mchanga hukamata takataka na sehemu kubwa ya vijidudu.

Lakini mchanga una kikomo chake. Hauwezi kuondoa vyema vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kama vile madini mazito na floridi. Floridi ni tatizo kubwa Arusha na sehemu nyingine zenye asili ya volkano. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi hata mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tena kuchemsha hakusaidii hapo. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani.

Dakta Hilonga aliunganisha viwili hivyo. Mchanga unafanya kazi yake ya zamani, na vitu vile vya kipimo cha nano vinafanya kazi ambayo mchanga hauiwezi. Zaidi ya hayo, chujio linaweza kupangwa kulingana na maji ya mahali. Maji yenye floridi yanatengenezewa chujio lake, na yenye uchafu wa aina nyingine lake. Kila mama anaielewa hekima hii. Hatuwapi watoto wote dawa moja kwa kuwa wote wanalia. Kwanza tunauliza mtoto anaumwa nini.

Tarehe 1 Juni 2015, mjini Cape Town, Afrika Kusini, Dakta Hilonga alitangazwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi barani Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alipewa pauni 25,000. Alisema fedha hizo angezitumia kununua malighafi kwa wingi, ili gharama ya chujio ishuke.

Baada ya makofi

Wavumbuzi wengi habari zao huishia kwenye tuzo. Mtu anapigwa picha, anapongezwa, kisha chombo chake kinakaa kabatini. Tuzo haijawahi kusafisha hata kikombe kimoja cha maji. Kazi inayofuata baada ya makofi ndiyo inayomfikia mama, na kazi hiyo ni biashara.

Dakta Hilonga alianzisha kampuni akaipa jina la kijiji chake, Gongali. Mara akakutana na ukuta ambao kila mfanyabiashara mwadilifu hukutana nao: wenye shida kubwa ndio wenye fedha kidogo. Wakati ule wa tuzo, chujio moja liliuzwa karibu dola 130 za Marekani. Kwa mwalimu wa mjini ni fedha nyingi. Kwa mama anayesubiri mavuno ya mpunga au kakao ili alipe ada ya shule, ni ndoto.

Angeweza kuwauzia wenye uwezo tu na kuwaacha wengine. Badala yake aliweka utaratibu wa vituo vya maji. Mtu mmoja mtaani anapata chujio kwa kukodi, anasafisha maji, na majirani wanakuja na ndoo zao kununua maji salama kwa bei ndogo. Asiyeweza kununua chujio anaweza kununua maji ya leo. Mwenye kituo anapata riziki, na kwa kuwa riziki yake inatoka hapo, analitunza chujio lisiharibike.

Hapa ndipo tunapopata somo kubwa. Tumeona vijijini pampu za visima zilizoletwa kwa sherehe na ngoma, na baada ya miaka michache zimesimama kwa kukosa kipuri kidogo. Aliyezileta alikuwa na moyo mwema. Lakini hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuzitunza. Kitu kinachookoa maisha kinahitaji mtunzaji, na mtunzaji anahitaji kula. Tukikumbuka hilo tutaacha kuona aibu kulipia maji safi, na tutaacha pia kumwona anayeyauza kwa haki kuwa ni mroho.

Je, sisi wa Kyela?

Tusikimbilie kutamani chujio la Arusha kabla ya kuyajua maji yetu. Adui wetu mkubwa hapa ni vijidudu, hasa wakati wa mafuriko. Hata hivyo tuko jirani na mlima Rungwe, ambao nao ni volkano, kwa hiyo ni vyema kisima kipimwe badala ya kukisiwa. Tuwaulize wataalamu wa maji na afya wa wilaya. Maji meupe machoni yanaweza kuwa na kipindupindu ndani yake.

Na siku mfanyabiashara atakapobisha hodi na chujio la aina yoyote, kabla hatujafungua mkoba tumwulize maswali haya matano:

1. Linaondoa nini: vijidudu, madini, au tope tu? Nani amelipima na kuthibitisha?

2. Linatoa lita ngapi kwa siku? Je, zinatosha nyumba yenye watoto watano na wageni?

3. Ni kitu gani kinapaswa kubadilishwa, baada ya muda gani, na kwa bei gani?

4. Kipuri kinapatikana Kyela mjini au Mbeya, au mpaka kisafirishwe kutoka mbali?

5. Nani atalisafisha, na anafundishwa wapi?

Asiyeweza kujibu maswali hayo anauza chombo, hauzi maji salama.

Wakati tunasubiri yaliyo bora, tusiache yaliyo mikononi mwetu. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kabisa, uyaache yaendelee kutokota walau dakika moja, kisha uyahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Ukitumia dawa ya klorini ya dukani, fuata maelezo ya kwenye chupa au pakiti; usikisie. Siku ya jua kali, maji yasiyo na tope yaliyo katika chupa angavu ya lita moja au mbili yakilazwa juani saa sita, vijidudu vingi hufa; kukiwa na mawingu mengi acha siku mbili. Tena usiruhusu kila mkono kuchota kwa kikombe kilekile. Maji mengi huchafukia nyumbani baada ya kusafishwa.

Mtoto akiharisha, usimnyime maji wala ziwa. Mpe maji ya ORS ya pakiti. Yakikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga na umpe kidogo kidogo huku ukielekea kituo cha afya.

Chungu cha mama wa Kikisi

Tusidhani kwamba uvumbuzi ni mali ya wenye shahada tu. Mwambao huu una wavumbuzi wake. Tazama akina mama wa Kikisi wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Kwa mikono yao, bila mashine, wanafinyanga vyungu vinavyopakiwa kwenye mitumbwi na kuletwa sokoni Matema, na kutoka hapo vinafika Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Ni ufundi, na ni biashara. Mama na binti wamerithishana elimu hiyo vizazi kwa vizazi, ya kuchagua udongo, kuuchanganya na kuuchoma.

Chungu cha kawaida hupoza maji vizuri, lakini hakiui vijidudu. Hata hivyo, mwaka 1981 huko Guatemala, mtaalamu aitwaye Fernando Mazariegos alibuni chungu kinachochuja. Udongo unachanganywa na unga wa mbao. Chungu kinapochomwa, unga ule unaungua na kuacha vitundu vidogo sana ambavyo maji hupenya polepole huku uchafu ukibaki. Kisha chungu kinapakwa madini ya fedha yanayosaidia kuua vijidudu. Baadaye chama cha wafinyanzi kiitwacho Potters for Peace kilieneza ufundi huo katika nchi nyingi, na huko Kambodia, nchi ya wakulima wa mpunga kama sisi, badala ya unga wa mbao wanatumia pumba za mpunga.

Hebu fikiri, mama. Udongo tunao. Pumba zimelundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Mikono ya kufinyanga tunayo. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kupima kila chungu kwa uaminifu kabla hakijauzwa. Jambo hili halifai kujaribiwa jikoni kwa kubahatisha, maana chungu kilichokosewa kitaua mtoto huku mama akidhani amemkinga. Lakini pengine mtaalamu huyo yuko darasani sasa hivi, Ipinda au Ngonga, na pengine ni binti yako.

Mtoto mdadisi ndani ya nyumba

Jirani yetu mwingine wa Malawi anaweza kutusaidia hapa. William Kamkwamba, wa wilaya ya Kasungu, aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Alikuwa na miaka 14. Akaenda kusoma vitabu katika maktaba ya shule ya msingi, akaona picha ya mtambo wa upepo, akaanza kuokota vyuma chakavu. Kwa sehemu za baiskeli kuukuu, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, aliwasha taa nyumbani kwao. Lakini kabla taa haijawaka watu walimcheka, na hata mama yake alidhani mwanawe anarukwa na akili. Mwaka 2007 kijana huyo alisimama Arusha kuwasimulia wataalamu kutoka nchi nyingi alichofanya, na mwaka 2014 alihitimu chuo kikuu cha Dartmouth nchini Marekani.

Hatumlaumu mama yule. Katika njaa, mtoto anayekusanya vyuma badala ya kutafuta chakula anatia wasiwasi. Lakini tujiulize ni mara ngapi tumemchapa mtoto kwa kufungua redio bila kumwuliza alikuwa anatafuta nini. Na binti je? Mvulana akivunja kitu tunasema atakuwa fundi. Msichana akikivunja tunamrudisha jikoni. Kumbe ni yeye anayebeba maji kila asubuhi, naye ndiye anayeijua shida yake kwa shingo na kwa mgongo. Akipata nafasi sawa ya kusoma hesabu na sayansi, na kupunguziwa ndoo moja au mbili ili apate muda wa vitabu, atatuletea majibu ambayo asiyebeba maji hawezi kuyafikiria.

Akina baba nao tuwashirikishe. Mezani jioni, baada ya sala, familia inaweza kuzungumza: ni shida gani moja ya nyumba hii ambayo tumeizoea, na haikupasa kuzoewa?

Kipaji ni cha Mungu, kazi ni yetu

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma jinsi Mungu alivyomwita Besaleli kwa jina lake na kumjaza Roho wake, ili awe na hekima na ufundi wa kila namna ya kazi ya mikono. Na katika sura ya 35 wanatajwa wanawake wenye mioyo ya hekima, waliosokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema ya Bwana. Ufundi basi si jambo la kidunia lililo mbali na imani. Ni karama, na karama hutolewa kwa faida ya watu wote.

Katika kila usharika wa mwambao huu kuna umoja wa wanawake. Tunachangia misiba, tunachangia harusi, tunanunua vitenge vya sare. Je, haiwezekani umoja mmoja ukaweka akiba kidogo kidogo msimu wa mavuno, ukaita mtaalamu apime kisima cha jirani, kisha ukaanzisha kituo cha maji salama karibu na kanisa? Wachaguliwe akina mama wawili waaminifu wakitunze, walipwe kwa haki, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Kazi yake Dakta Hilonga ameifanya. Hii nyingine haihitaji shahada ya Korea. Inahitaji daftari, uaminifu na mama wa kuanza, kabla masika mengine hayajafika.